Mkia wa Neno

Mwalimu Thrasivulos alikuwa na ugonjwa mmoja usio na dawa: kila neno zuri duniani, kwake, lilizaliwa Ugiriki. Hata ungetaja supu ya Wachina, angekuonyesha bibi yake Mgiriki.

Zinovia aliujua ugonjwa huo, ndiyo maana akamfuata mkahawani kwa Lazos, mbele ya wazee wote. Kiharusi kilikuwa kimempoozesha baba yake mkono wa kushoto, naye ndiye mpigaji wa kijiji wa udi, ile ala ya nyuzi. Sikukuu ya Bikira Maria ilikuwa keshokutwa. Ama Zinovia ajaze pengo kwa kinanda chake cha umeme, sintesaiza, huku mzee ameketi pembeni yake akiimba, ama kamati ya sikukuu ilete bendi ya mjini na mzee abaki nyumbani akisikiliza wengine. Na mwenyekiti wa kamati ni nani? Mwalimu huyohuyo.

"Sintesaiza haikanyagi uwanja wetu," alisema. "Ni sinthetiko. Kitu bandia, kama viatu vya plastiki."

"Na mtunzi wa nyimbo si tunamwita sinthetis, Mwalimu? Naye ni kiatu?"

Wazee wakaangua kicheko. Mwalimu akapiga funda la hasira, kumbe kikombeni yamebaki machicha ya kahawa.

"Haya, yaishe," Zinovia akasema, akiinuka taratibu. "Neno lenyewe ni la Wamarekani. Wana bahati yao."

"La nani?" Mwalimu karibu apindue meza. "Hebu kaa chini! *Sin* ni pamoja. *Thesis* ni kuweka. Kuweka pamoja! Na hiyo *iz* ni yetu vilevile, ilikwenda ughaibuni kutafuta maisha. Wamarekani wametoa nini hapo?"

"Na ile *er* ya mwisho wa *synthesizer*?" aliuliza Lazos akifuta kaunta. Mchokozi huyo!

Mwalimu akajikuna shingo. "Hiyo... hiyo ni mgeni. Imedandia mkiani."

"Basi tuifukuze."

"We Lazos, huna haya? Mgeni hafukuzwi siku ya Bikira Maria!"

Mkahawa mzima ukalipuka. Hapo ndipo Mwalimu aliposikia alichokisema: kumbe amekwisha kuikaribisha sintesaiza.

Zinovia hakucheka. "Kwa hiyo, Mwalimu, nikampigie baba pasi suti yake?"

Mwalimu akakisukuma kikombe kando.

"Kampigie," akasema. "Lakini sikiliza, binti. Ukimharibia wimbo hata mmoja, nitatangaza kanisani kwamba neno sintesaiza si letu, ni la Kilatini."