Chupa Sita za Lukumani

"Yachukue mayai yako, Swaumu!" Batuli alifoka mlangoni, mwiko mkononi.

"Siyachukui. Kwani nimekuletea mawe?"

"Hospitali wameyapima maji ya tumboni mwa mume wangu. Nguvu ya mwili inayotoka humo ni kidogo, na figo zake mbovu, asishindiliwe mayai. Yai moja kwa siku basi! Wewe mjumbe wa nyumba kumi, udaktari umeupata lini?"

Majirani walishatoka nje, mmoja na ungo wake wa mchele. Siku nyingine Swaumu angejibu mpaka Itetemia yote isikie. Leo aligeuka akatazama dirishani. Alimwona Lukumani, mume wa Batuli, fundi cherehani aliyemshonea gauni la sherehe za Uhuru: miguu imevimba, mashavu yamebonyea.

Alijua kwa nini kipimo kilitoka kidogo. Jumatatu, kabla mgonjwa hajaruhusiwa kurudi nyumbani, ilikuwa zamu yake kumkalia wodini. Maji yaliingizwa tumboni kwa mpira, yakasafisha uchafu ulioshindwa na figo, yakatolewa na kupangwa chupa kumi na mbili chini ya kitanda. Mara akasikia masheikh wako getini, wanakuja kumsomea dua. Wanyanyue mikono juu ya maji ya tumbo la mtu? Haraka haraka akamwaga sita chooni, na chupa akazisuuza zikang'aa; masheikh wakaingia kabla hajazifikia nyingine.

Asubuhi muuguzi Leonia akadhani zilizobaki ndizo zote. Akachemsha maji hayo kidogo kwenye kichupa, yakaganda meupe kama ute wa yai. "Huu ni mwili wake unaotoka," alisema. "Tukijua umetoka kiasi gani, tutajua ale kiasi gani." Swaumu, mwenye maneno ya mtaa mzima, aliona aibu kuzitaja zile sita, akaanza kukunja shuka.

"Batuli," alisema sasa, "zilikuwa kumi na mbili. Nilimwaga sita."

"Sita?"

"Kwa mikono yangu hii. Kinachomtoka ni mara mbili ya walichokwambia."

Mwiko ukashuka taratibu mkononi mwa Batuli. "Siku nne, shoga. Siku nne namnyima, nikidhani namponya." Machozi yakamtoka.

"Nakwenda kwa Leonia sasa hivi. Nitamwambia mbele ya wodi nzima."

Alishageuka, sauti dhaifu ikatoka dirishani.

"Batuli! Hayo mayai unayalilia au unayachemsha?" Lukumani alikohoa, akacheka kidogo. "Kwa Leonia mtakwenda wote wawili, mkishashiba. Swaumu, hebu pita ndani tule."