Maneno ya Jalada la Nyuma

Kazi ya dada mtu ilikuwa kuandika maneno ya jalada la nyuma. Kampuni yake ilichapisha vitabu vya mchezo wa mezani: watu wanakaa, mmoja anasimulia safari, wengine wanasema wahusika wao wanafanya nini, na dadu inaamua kama wamefaulu au wamevunjika miguu. Kitabu kikikaribia kutoka, meneja wa mauzo alimletea karatasi ya maagizo. Neno "kipya" liliruhusiwa hata kama kilichobadilika ni picha tu. "Kamili" liliruhusiwa wakati wowote. "Kamili zaidi" lilihitaji saini ya mkurugenzi.

Mteja mwaminifu kuliko wote alikuwa mdogo wake wa kiume, fundi wa kuchomea mageti. Kila Jumamosi alasiri alifagia karakana yake, akawakalisha mkewe, mfamasia wa jirani na dada yake kwenye meza ya chuma, kisha akavua kofia, akasimama na kusoma jalada la nyuma kwa sauti, kama mtu anayesoma somo kwenye ibada.

"Giza linapumua," alisoma. "Ulimwengu huu hujawahi kuuona."

Mfamasia alisema ameuona tangu toleo la kwanza, tena ameliwa humo mara mbili. Fundi alimjibu kwamba kampuni kubwa kama ile haiwezi kuchapa uongo, pale kuna watu waliosoma. Dada aliangalia kucha zake. Mdogo wake alidhani yeye anafanya kazi stoo, na kwa miaka saba hakuwahi kumsahihisha.

Jumamosi moja alikuta sanduku mlangoni mwa karakana. Ndani kulikuwa na kitabu chao cha toleo la tatu, kimefungwa kamba. Fundi alieleza kwamba tangazo limetoka: toleo la nne linakuja, kanuni zote zimepitiwa upya, na la zamani halitatumika tena. Mnunuzi wa karatasi chakavu angepita saa kumi.

Dada alikijua kitabu kile. Mama yao, muuguzi, alicheza nao mpaka mwaka aliofariki, na alikuwa amesahihisha sura nzima ya majeraha kwa penseli. "Aliyepoteza damu kiasi hiki hapandi mlima." Kando ya dawa ya kufufua alikuwa ameandika, "Baada ya kula au kabla?"

Mke wa fundi alikwisha kumwomba mumewe azikate angalau kurasa hizo, azitunze. Fundi alisema hakuna haja, makosa yote yamerekebishwa, imeandikwa. Kisha akamgeukia dada yake.

"Dada, wewe uko pale ndani. Ni jipya kweli?"

Njiani dada alikuwa amemwomba Mungu, kama alivyomwomba juu ya kila jambo, asije akaulizwa. Sasa ameulizwa. Aliona kwamba hilo nalo ni jibu.

"Ni lile lile," alisema. "Joka la jaladani lilikuwa la kijani, sasa ni la bluu. Na tangazo nimeandika mimi. Yote huwa naandika mimi."

Mfamasia alianza kupanga dadu kwa ukubwa, ingawa zote zilikuwa sawa.

"'Giza linapumua'?" fundi aliuliza.

"Mimi."

"Miaka saba navua kofia, Dada."

"Nilikuwa nakuona, mdogo wangu."

Fundi alikwenda mlangoni. Mnunuzi wa karatasi alikuwa amefika na mkokoteni wake. Akaambiwa leo hakuna mzigo. Fundi alifungua kamba, akarudi na kitabu, akakaa kwenye kiti cha msimulizi bila kusimama kusoma chochote. Alitangaza kwamba mhusika wa dada, mjumbe wa mfalme ambaye silaha yake yote ni maneno, ameamka asubuhi hana sauti.

Mfamasia aliuliza kama dada hawezi kurusha dadu kwanza, huenda akapona. Fundi alisema hapana.

"Mpaka lini?" aliuliza dada.

"Mpaka toleo la tano litoke."

Safari ikaanza. Jioni ya siku ya pili wahusika wao walifika kwenye lango la mji, na mlinzi akauliza wanataka nini. Kwa mazoea, wote walimtazama dada. Yeye alifikiri kidogo, kisha akanyoosha mikono yake miwili mezani, mitupu, viganja juu, mlinzi aone.

Fundi aliitazama ile mikono, akamsogezea dadu.

"Haya," alisema. "Rusha."