Mama Hajibiwi

Walimwita Kisu Kimoja kwa sababu hakuwa na tabia ya kurudia pigo. Ukimwagiza nusu kilo ya paja, mkono ulipanda, ukashuka, na kipande kilichotua kwenye mizani kilikuwa nusu kilo, au pungufu kidogo tu, cha kuongezewa ukucha wa mafuta. Bucha aliirithi kwa mama yake pamoja na gogo la kukatia, kulabu za kutundikia na mizani ya mshale. Alirithi hata wateja. Walikuwa wakisema mama alikuwa na mdomo mkali kuliko visu vyake, ila binti kaachiwa visu peke yake.

Mama alifia hospitalini, mchana, siku ambayo foleni ya bucha ilifika barabarani. Kaka yake mkubwa, mwenye duka la vifaa vya ujenzi mlango wa pili, alichungulia akasema, "Mama anakuita." Kisu Kimoja akamjibu bila kuinua kichwa, "Nimalize hawa, nakuja." Alipofika wodini, kitanda kilikuwa kimeshavuliwa shuka.

Watu walikuja, wakatoa pole, wakala, wakarudi kwao. Bucha ikafunguliwa tena. Na asubuhi ya kwanza, alipoweka tu nyama kwenye mizani, alisikia kikohozi kidogo nyuma ya bega lake la kushoto, kile kile ambacho mama alikuwa anakitanguliza kabla ya kumgombeza mtu. Kisha sauti ikasema, "Umechelewa. Pima tena."

Akapima tena. Angefanya nini? Tangu utotoni alikuwa akiambiwa pima tena, naye anapima.

Shida ni kwamba sauti haikuridhika. Ilimrudisha kwenye mizani mpaka nyama ikachoka kushikwa. Nyumbani haikumfuata, lakini alikuwa analala macho wazi akingoja asubuhi imkute tena gogoni. Hakumwambia mtu, hadi siku alipokuwa anamhudumia jirani mmoja ambaye mtaa mzima ulimwita Redio. Redio alimtazama akipima maini yale yale, akiyatoa, akiyarudisha, mwisho akauliza, "Mwenzangu, kuna nini?"

"Mama anasema bado," akajibu Kisu Kimoja. Alikuwa amechoka, neno likamponyoka.

Kabla maini hayajaiva kwenye sufuria ya Redio, mtaa wote ulikuwa umeshajua kwamba bucha ile sasa inaendeshwa na marehemu. Wengine walicheka, wengine waliogopa. Mwanamke anayesikia sauti, tena mkononi ana panga. Foleni ikapungua, ikawa watu wawili watatu wanaonunua wakiwa wamesimama upande wa mlango, mguu mmoja nje.

Kaka yake alikuja siku hiyo hiyo na sura ya msiba. Alifunga bucha, akachukua funguo, akakusanya na visu akavifunga kwenye gunia. Kesho yake akampeleka hospitali, kitengo cha afya ya akili, na yeye ndiye aliyeeleza kila kitu. Kisu Kimoja alikaa pembeni kama mzigo uliokuja na msafiri. Wakampa dawa ya asubuhi na dawa ya usiku. Ya usiku ilimlaza, akashukuru. Ya asubuhi ilimtetemesha mikono hata kikombe cha chai kikawa kinagonga meno.

Aliporudi kliniki walimpeleka kwa mshauri. Alikuwa kijana mwembamba, koti limemzidi mabega, mezani ana maji ya kunywa na boksi la karatasi laini za kufutia machozi. Kaka mtu akataka kuingia, mshauri akamwambia kwa upole kwamba utaratibu ni mgonjwa peke yake. Mlango ukafungwa.

"Dada, ukiisikia sauti ile, tutajifunza kuikatalia," mshauri alisema baada ya maongezi kidogo. "Ukiisikia, iambie: nyamaza, huna mamlaka juu yangu."

Kisu Kimoja akashika mkoba wake, akasimama.

"Unaenda wapi?"

"Nyumbani. Nimekuja mgonjwa, sikuja kufundishwa utovu wa adabu." Akamkazia macho. "Wewe una mama?"

"Ninaye."

"Unamwambia anyamaze?"

"Hapana," kijana akasema. "Angenizaba kofi hata na umri huu."

"Basi na wangu hajibiwi. Kufa hakujampunguzia umama."

Alidhani kijana atakasirika, ataandika kwenye jalada kwamba mgonjwa ni mbishi. Lakini mshauri aliweka kalamu chini, akavuta kiti chake kikatoka nyuma ya meza. "Nimekosea kuanza," akasema. "Kaa, dada yangu, tuanze tena. Nieleze anavyokohoa."

Hilo ndilo lililomkalisha. Hakuna aliyewahi kumuuliza mama anakohoaje. Wote walitaka kujua anasikia mara ngapi, tangu lini, na kama sauti imemtuma kuua mtu. Akaeleza kikohozi. Akaeleza bega la kushoto, na mizani, na lile neno "umechelewa" linavyomkata maini kuliko "pima tena". Akaeleza kitanda kilichovuliwa shuka. Aliposhituka, karatasi zile laini zilikuwa zimejaa mapajani mwake.

"Unataka sauti iondoke?" mshauri akauliza.

Alifikiri. "Sitaki mama aondoke. Ameshaondoka vya kutosha. Nataka aache kunigombeza."

"Enzi za uhai wake, akigombeza, nani alikuwa anaweza kumjibu?"

Hapo Kisu Kimoja alicheka, kicheko cha kwanza tangu msiba, kikamtoka puani. "Mama mdogo. Huyo tu. Walikuwa wanajibizana mpaka majirani wanavuta viti."

"Yuko hai?"

"Yuko. Ila kaka hakutaka aje hospitali. Anasema anaropoka."

"Mlete," mshauri akasema.

Wiki iliyofuata alipokuja, mlango wa ofisi ya daktari mkuu wa kitengo ulikuwa umeegeshwa tu, naye akiwa kwenye benchi alisikia kila kitu. Daktari mkuu, mama mtu mzima asiye na papara, alikuwa anasema kitengo hakiwezi kuwaambia wagonjwa kwamba wafu wanaongea.

"Sijamwambia wanaongea," mshauri akajibu. "Wala sijamwambia hawaongei. Namuuliza anasemaje."

"Na hilo ombi lako la kwenda naye buchani?"

"Sauti iko buchani, daktari. Hapa kwangu haijawahi kukohoa."

"Hatutibu watu kwenye bucha. Nimesema."

Kisu Kimoja hakungoja kuitwa. Alisukuma mlango, akaingia, akaamkia, akanyoosha mikono yote miwili juu ya meza ya daktari. Ikawa inatetemeka mbele yao wote.

"Daktari, dawa ya usiku naikubali. Nalala kama binadamu. Hii ya asubuhi inanitoa kazini, na mimi nisipofanya kazi ndipo nitakapoumwa kweli. Nipunguzieni. Na mama yangu mdogo atakaa na mimi kwenye maongezi, kama hamtaki basi andikeni kwamba nimekataa matibabu, nitaweka sahihi."

Daktari hakukasirika. Aliishika ile mikono, akaigeuza, akaiangalia viganja na juu. "Tutapunguza ya asubuhi kwa nusu," akasema. "Lakini usingizi ukikupotea, unakuja kwangu kabla hujaenda kwa mtu mwingine. Tumeelewana? Shangazi, mama mdogo, leta umtakaye, chumbani humu. Bucha, hapana."

"Tumeelewana," akasema Kisu Kimoja, na moyoni akaliacha lile la bucha mlangoni kwa daktari.

Alikwenda moja kwa moja dukani kwa kaka yake. Kulikuwa na wateja wawili wanachagua bawaba na mwingine anapimiwa nondo.

"Kaka, naomba funguo."

"Nenda nyumbani, tutazungumza."

"Nyumbani nimekaa mpaka kuta zimenizoea. Naomba funguo na visu vyangu."

Kaka akashusha sauti. "Na ukijikata? Ukimkata mtu? Watu wanasema..."

"Nimewahi kumkata nani?" Yeye hakushusha. "Hao wanaosema, wewe unawauzia nyundo na mapanga. Umewahi kumuuliza mmoja wao kichwani kwake mna nini?"

Mteja wa nondo akajifanya anahesabu vyuma. Kaka mtu aliegemea kaunta, na uso wake ukabadilika, ukawa wa mtoto mkubwa. "Naogopa," akasema. "Mama amekwenda. Na wewe nakuona unakwenda huku unatembea."

Maneno yale yalimgusa, hakuna ubishi. Lakini hakurudisha mkono aliokuwa ameunyoosha. "Kama unaogopa njoo na funguo, uingie na mimi. Ila bucha inafunguliwa."

Siku ilipangwa, siku ya mapumziko ya mshauri. Alikuja bila kitambulisho cha hospitali, koti lile lile. Daktari mkuu alikuwa amemkataza, naye alikuja. Bucha ilikuwa inanuka dawa ya kusafishia sakafu na upweke. Kwa kuwa hapakuwa na nyama, Kisu Kimoja alikuwa amelazimika kununua kwa mpinzani wake ng'ambo ya barabara, na alipoifungua kwenye karatasi alisonya, kwa jinsi ilivyokatwa kana kwamba mtu alipigana nayo. Kaka alirudisha gunia la visu, akasimama mlangoni. Mama mdogo, mwanamke mfupi mwenye mkoba mkubwa, alikaa kwenye kreti la soda na kuangaza kila kona kana kwamba anakagua usafi.

"Mimi hapa ni mgeni," mshauri akasema. "Mkitaka nitoke, nitatoka. Dada, fanya kazi kama kawaida yako."

Alivaa aproni. Kisu kikapanda, kikashuka. Mkono ulitetemeka kidogo, lakini kisu kilikwenda kinakojua. Akaweka kipande kwenye mizani. Mshale ukacheza, ukatulia. Naye akakakamaa.

"Amesemaje?" mshauri akauliza.

"Kama siku zote. Umechelewa. Pima tena."

Mkono ulikuwa umeshaanza kwenda kuichukua ile nyama. Mama mdogo akaweka mkoba chini, akainuka, akaja kusimama nyuma ya bega la kushoto la mwanawe, na akaanza kusema na hewa iliyokuwa pale kwa sauti ya mtu aliyezoea.

"Dada. Wewe dada. Hebu tuheshimiane. Harusi yangu ulichelewa mpaka mpishi akaanza kuosha masufuria, nani alikusema? Baba tulikungoja kumzika, ukaja na damu ya ng'ombe kwenye viatu, ukatuambia kazi ni kazi. Mtoto huyu ulimlea mwenyewe, ukamfundisha mteja haachwi kwenye foleni. Sasa unamlaumu kwa lipi? Kachelewa, ndiyo. Tumesikia. Inamuuma kuliko inavyokuuma wewe. Mwache apime mara moja apumzike."

Kutoka mlangoni kaka mtu alisema, kwa sauti iliyokwaruza, "Mimi ndiye sikusema vizuri. Nesi aliniambia hali mbaya. Nikaja hapa, nikaona watu wote wale, nikaona haya kupiga kelele."

Kisu Kimoja akageuka taratibu. "Ulisema 'Mama anakuita'. Ulisema kama vile naitiwa chai."

"Ndiyo."

"Miezi yote hii unanichukulia funguo, unanipeleka kwa madaktari, na hilo unalo kifuani."

"Ndiyo," akasema tena, akafuta macho kwa mkono wa shati.

Hasira zilimpanda, na zilikuwa hasira safi, zenye mwenyewe. Alimwambia yote, mbele ya mama mdogo, mbele ya mgeni, na mshauri hakumtuliza wala kumpa maji. Alipomaliza alikuwa anahema. Akageukia tena mizani. Nyama ilikuwa bado ipo, na mshale umesimama palepale.

Akainama kidogo kuelekea bega lake. "Shikamoo, mama," akasema. "Nilikuwa kazini."

Kisha akaiondoa ile nyama, akaifunga kwenye karatasi, akampa mama mdogo akapike. Hakuipima tena. Kikohozi hakikusikika. Hakujua kama mama ameridhika au amenuna, na siku ile hakutaka kujua.

Isidhaniwe kwamba mambo yalinyooka kama uzi. Sauti ilirudi, hasa siku za foleni ndefu. Akiisikia anaiamkia, anaendelea. Ikizidi, anampigia simu mama mdogo, anamweka spika juu ya kaunta, na wateja wanapata maongezi ya bure. Wengine hawakurudi kamwe, akawaacha waende zao. Kwa kaka yake alichukua funguo zote, hata ule wa akiba, na kusameheana kwao kulikuwa kwa polepole, kwa vikombe vya chai na kimya kirefu.

Mshauri aliandikiwa onyo. Kisu Kimoja alipopata habari alikwenda na mama yake mdogo mpaka kwa daktari mkuu kusema kwamba yeye ndiye aliyemwita, na akitaka kumwadhibu mtu amwadhibu yeye. Daktari alisikiliza mpaka mwisho. Onyo hakulifuta. Ila tangu wiki ile, mgonjwa aliyeomba kuingia na ndugu yake aliruhusiwa, na viti vya ziada vikaletwa kwenye chumba cha mshauri.

Siku moja alikuwa kwenye foleni ya dirisha la dawa, mchana kweupe, watu wamejaa. Nyuma yake mwanamke mmoja, mkono kichwani, alimnong'oneza mwenzake, "Ndiye yule wa bucha. Anaongea na maiti."

Zamani angevuta kanga akajifunika uso. Aligeuka, akawatazama mmoja mmoja, cheti chake cha dawa mkononi bila kukificha.

"Ndiye mimi," akasema. "Na wewe uliyeshika kichwa hivyo, usingizi unaupata? Kama huupati, chumba ni kile cha mwisho kushoto. Nenda na mtu wako. Viti vipo."