Chupa ya Maji ya Pafu

Reverien alikwenda Kibondo kumpa pole shemeji yake Nestori, ambaye ng'ombe wake walikuwa wameteketea kwa homa ya mapafu. Aliporudi kijijini kwake Titye alikuwa na chupa ya plastiki ameifunga ndani ya koti, imejaa maji ya manjano yenye utando wa damu.

"Nini hicho?" mkewe Vestina akauliza.

"Maji ya pafu. Nimeyakamua mwenyewe kwenye pafu la fahali wa Nestori aliyekufa. Unachanja ncha ya mkia, unapaka kidogo. Ng'ombe anaugua kidogo, akipona homa ya mapafu haimpati tena. Marehemu baba alifanya hivyo Burundi, na ng'ombe wake wakabaki hai."

"Baba Claude, huku kwetu hakuna hata ndama anayekohoa. Umetuletea ugonjwa mpaka mlangoni."

"Nimeleta kinga," akajibu, akaenda kuifukia ile chupa migombani, ndani ya chungu chenye mchanga uliolowa maji, isipate joto.

Alianza na ng'ombe wake. Habari zikaenea, majirani wakaja. Hata Mpawenimana, mjane wa nyumba ya pili, alimleta ng'ombe wake wa pekee, ambaye maziwa yake ndiyo yaliyowalea wajukuu. Vestina hakupenda, lakini kamba ya yule ng'ombe aliishika yeye.

Mikia ikavimba. Mmoja ukaoza ukadondoka. Reverien akasema ndivyo inavyokuwa. Kisha ng'ombe wa mjane akaanza kukohoa, shingo ameinyoosha mbele, majani hayataki. Akafa. Mpawenimana hakupiga kelele. Alikuja akaketi kwenye uwanja wa Vestina, miguu ameinyoosha, akasema, "Mama Claude, mlimpaka nini?"



Afisa mifugo wa kata, Yasmini, alipata habari za ile chupa, akafika na askari wawili. Watu wa pale walimwita dokta. Reverien akakana mchana kweupe. Chupa? Chupa gani? Askari wakapekua jikoni, zizini, mpaka chini ya kitanda. Hawakuona kitu.

Yasmini akamgeukia Vestina. "Mama, vimelea vya ugonjwa huu havikai nyumbani kwa mtu. Hata maabara haiviweki bila kibali cha serikali. Kuwa navyo tu ni kosa, hata kama hujamgusa ng'ombe wa mtu."

"Nimekusikia, dokta."

"Lakini linaloninyima raha si hilo. Hiyo chupa ikitoka hapa ikafika mnadani, nitawaambia nini watu?"

Vestina akamtazama mumewe. Reverien akatikisa kichwa, kidogo tu. Watu wa kijiji cha Heru Juu walikwisha kutuma maneno wakiitaka dawa, naye alikuwa amewaahidi kuwapelekea Jumapili, kanisa likiisha. Vestina alilijua hilo. Aliinuka, akaenda migombani, akapiga magoti na kufukua kwa mikono.

Alipoitoa, Yasmini alimzuia kwa sauti: "Iweke chini, mama! Usiifungue!" Akavaa glavu, akaitia kwenye sanduku la chuma. Reverien alikuwa amefumba macho.

Reverien alihukumiwa kifungo. Karantini ikawekwa, mnada ukafungwa, na ng'ombe waliochanjwa wakachinjwa na kufukiwa chini ya ulinzi. Watu waliompigia magoti Reverien wakitaka dawa sasa walisema mkewe ndiye aliyewauza kwa serikali. Kisimani, Vestina akiwasalimu kwa Kiha, "Mwakeye," wanawake walijitwisha ndoo zao wakaondoka bila kuitikia.

Alikwenda gerezani Kasulu kumwona. Reverien alikuwa amekonda, mashavu yameingia ndani.

"Ng'ombe?" akauliza kwanza.

"Wamekwisha wote."

"Hata yule mwenye baka?"

"Hata yeye."

"Ungenyamaza, Mama Claude. Ungenyamaza tu."

"Kwa Mpawenimana hakuna maziwa," Vestina akasema. "Wajukuu wanakunywa uji wa muhogo mtupu. Ningenyamaza, ingekuwa hivyo Heru Juu nzima."

"Nilitaka wapone."

"Najua."

Alitaka kumshika mkono, lakini Reverien alikuwa amekwisha kugeuka, anamwambia askari kwamba mazungumzo yametosha. Vestina akabaki na chakula alichomletea mpaka mgeni mwingine alipomwomba ampishe. Mvua ilikuwa imeanza, na shamba la maharage lilikuwa bado halijapaliliwa. Akamwita bodaboda, akamwambia ampeleke Titye.