Jibu la Ubaoni

Jumanne ile nilikuwa naanika shuka. Nyumba ya mwalimu mkuu tunamokaa imepakana na darasa la sita, kati yetu pana ua mfupi tu, na madirisha yao hayana vioo, kwa hiyo nikianika nguo nasoma hesabu bila kupenda. Ubaoni paliandikwa robo tatu jumlisha nusu, jibu nne juu ya sita. Hata mimi niliyeishia darasa la saba niliona halijakaa sawa. Robo tatu ya kopo ukiongeza nusu kopo, unga lazima umwagike.

Binti yangu, ambaye ndiye mwalimu mkuu, alikuwa anapita barazani. Akaingia, akachukua chaki mkononi mwa mwalimu, akafuta, akaandika moja na robo.

"Andikeni hilo," akawaambia watoto wote hamsini na mmoja.

Mwalimu mwenyewe watoto wanamwita Babu Sehemu, kwa jinsi anavyopenda kufundisha sehemu. Ana miaka ishirini na sita kazini. Alijipangusa vumbi kidole kimoja kimoja, akavaa koti, akatoka bila neno. Afadhali angetukana.

Saa nane mchana barua yake ya kuomba uhamisho ilikuwa mezani kwa binti yangu. Walimu wako kumi na mmoja, na saba walishasema Babu Sehemu akiondoka nao wanaandika zao. Na binti yangu ofisi ya elimu ilimpa ukuu kwa muhula mmoja wa majaribio. Shule ikimmwagikia mikononi, basi tena, na nyumba tunarudisha. Alitakiwa kujibu barua Ijumaa.

Alhamisi akaja mkufunzi wake. Ofisi humtuma kwa walimu wakuu wapya, akae nao saa moja kila wiki. Mimi nilimbatiza Bwana Enhe, maana ukimweleza jambo yeye husema "enhe?" tu, halafu anakutazama kama mtu anayengoja maji yachemke. Walikaa sebuleni kwetu, kwa sababu mlango wa ofisi haufungi na wiki ile kila aliyepita alichungulia. Mimi nilikuwa jikoni napiga pasi, pazia tu katikati.

"Niambie nifanye nini," binti akaanza kabla mgeni hajakaa vizuri. "Niisaini? Niikatae? Nimripoti kwamba anafundisha makosa?"

"Enhe. Wewe ungependa iishe vipi?"

"Bwana, nyumba yangu inaungua na wewe unaniuliza napenda moto wa rangi gani!"

Mgeni akacheka kidogo, akanyamaza. Kimya kile kilinitoa jasho kuliko pasi. Nikasogeza pazia.

"Baba, wewe si ndiye mjuzi? Mtoto anazama hapa. Mpe jibu."

"Mama, nikimpa langu, kesho ataingia ofisini na jibu la mtu ambaye hayupo," akasema kwa adabu. "Nivumilie kidogo."

Nikarudi kwenye pasi. Kola moja ya shati niliipiga mara tatu.

"Mwalimu yule alikosea nini?" akamwuliza binti.

"Kajumlisha juu kwa juu, chini kwa chini. Kosa la mtoto wa darasa la nne!"

"Na amefundisha miaka ishirini na sita. Kwa nini aliandika vile?"

"Kwa sababu..." Akasita. "Amechoka. Au hajali. Sijui."

"Nani anajua?"

Nilisikia kijiko kikigonga kikombe, kikaacha.

"Haya, nifanye mimi ndiye yeye. Niulize."

Binti akauliza, na kabla mgeni hajafungua mdomo akamjibia mwenyewe. Mara ya pili vilevile. Mara ya tatu pia akamjibia; nikachungulia, mgeni anatazama saa.

"Umesubiri sekunde nne," akasema.

Binti yangu akalia, si kwa sauti. Huyu tangu mdogo humalizia watu maneno yao, na mimi mama yake nilidhani ni akili.

Ijumaa asubuhi nilipeleka chai ofisini, kisha nikajifanya natafuta kifuniko cha chupa. Babu Sehemu alikuwa amesimama, kiti alikikataa. Nje ya dirisha walimu watatu walikuwa wanasahihisha daftari, lakini hakuna aliyefungua ukurasa.

"Mwalimu," binti akasema, "Jumanne, kwa nini uliandika nne juu ya sita?"

"Si ulishasahihisha, Mkuu?"

Nikaona mdomo wa binti unafunguka. Akaufunga. Akaikalia mikono yake kama mtoto aliyekatazwa kugusa sukari. Mzee akatazama ukuta. Chai ikaanza kufanya utando.

"Kila Jumanne naandika kosa moja," akasema hatimaye. "Watoto wanalitafuta. Anayenikamata anashika darasa dakika tano. Siku ile walikuwa karibu kabisa. Ukaingia wewe, ukanifanya mjinga kweli."

"Sikuuliza," binti akasema.

"Hukuuliza."

"Nisamehe, Mwalimu. Nitaomba radhi mbele ya watoto walewale."

"Kusema kila mtu anasema. Njoo Jumanne ukae dawati la nyuma. Ukinyanyuka tu, barua hiyo uisaini siku hiyohiyo."

Jumanne nilifua shuka ambazo hata hazikuwa chafu. Binti akaomba radhi, akaenda kujibana nyuma, magoti yakigusa meza. Mzee akaandika sifuri nukta tano mara sifuri nukta tano, jibu mbili nukta tano. Akafunga mikono kifuani.

Hakuna aliyesimama. Dakika tatu. Tano. Mmoja akanyoosha mkono akasema mwandiko umepinda, wakacheka, wakanyamaza tena. Kengele ilikuwa karibu. Niliona bega la binti yangu likipanda, na mimi nikaikaba kamba ya nguo kama vile ndiye yeye.

"Kaa, mwanangu, kaa," nikanong'ona.

Akakaa.

"Mwalimu!" Msichana wa dirishani aliruka. "Nusu ya nusu itazidije nusu yenyewe? Nimekukamata!"

Kelele za darasa zile, hata kengele sikuisikia.

Mapumzikoni nilikuwa nimepeleka chai ofisini, Babu Sehemu akaingia, wenzake saba wakinyoosha shingo mlangoni. Akachukua barua, akaikunja mara mbili, akaitia mfuko wa ndani wa koti.

"Nimeichukua, sijaichana," akasema. "Na hao waambie mwenyewe, usinitume."

Binti akaenda mlangoni. Wote wakangoja atangaze. Akamgeukia aliyekuwa mbele, mwalimu wa darasa la kwanza.

"Naomba nije nikae nyuma kwako, nione unavyofundisha."

"Wiki hii hapana," yule akajibu, bila tabasamu. "Wiki ijayo, tutaona."

"Wiki ijayo," binti akasema, na hakuongeza neno.