Mtaa wa Penseli

Ulipita pale, usikatae. Siku makabati yalipotolewa nje ya ofisi ya ramani ya serikali, ulisimama langoni, ukauliza kama meza zinauzwa, ulipoambiwa haziuzwi ukashika njia yako. Ramani zinakwenda wapi hukuuliza. Mchoraji wa ramani zile angekujibu. Alikuwa amekaa pale pale, juu ya ndoo iliyopinduliwa, akisubiri kumkabidhi ufunguo mtu ambaye hakuja.

Mama huyu aliinamia karatasi za ofisi ile miaka ishirini na sita. Kazi ilikuwa na kanuni moja isiyochezewa: mtaa mpya unachorwa kwanza kwa penseli, kutokana na picha za ndege, kisha mpimaji anakwenda kwa miguu, nyumba kwa nyumba, anahakikisha, anatia sahihi, ndipo mchoraji anapitisha wino. Aliiandika kwa mkono wake, akaibandika ukutani, na wenzake wawili walioiruka aliwanyima salamu mwezi mzima.

Mtaa wa bondeni, anakoishi mdogo wake, ulikuwa bado penseli: nyumba mia mbili na kumi na mbili, shule, zahanati. Mpimaji alikuwa aende mwezi wa tatu. Serikali ikaondoa fungu la mafuta ya gari. Mpimaji akasema atatembea, ikaondoa fungu la mpimaji. Mwishowe ikaondoa la ofisi nzima, na tangazo likasema huduma zimeboreshwa.

Siku ya mwisho mkuu wa ofisi alimwekea kichupa cha wino mezani.

"Pitisha tu, dada. Nani atajua?"

"Mimi," akasema mchoraji, akakaza kifuniko.

Karatasi zikachukuliwa na kampuni iliyopewa mkataba wa kuziingiza kwenye kompyuta. Ilizimaliza kwa siku kumi na moja. Mashine ilikuwa imewekwa isafishe madoa, na penseli ikahesabiwa doa. Waliokagua ramani mpya waliisifu kwa usafi. Karatasi zenyewe zikarudishwa, zikarundikwa kwenye stoo ya ofisi, na ile ya bondeni mchoraji akaondoka nayo, maana wa kumkataza alishapunguzwa kazi.

Miezi miwili baadaye mdogo wake akampigia simu.

"Dada, kuna watu wanapigilia vigingi vyekundu huku. Kimoja kiko jikoni kwangu."

"Wanasemaje?"

"Mfereji wa maji ya mvua unapita kwenye eneo tupu. Nikawauliza, na mimi ni nani? Wakaniambia nisogee, nawazibia njia."

Mchoraji alibeba karatasi yake mpaka idara ya mipango, dirisha namba nne. Karani aliitazama kompyuta, akaitazama karatasi, akarudi kwenye kompyuta.

"Mama, hapa hakuna kitu."

"Zahanati hii hapa. Nimeichora mimi."

"Kwa penseli."

"Kwa penseli, ndiyo."

"Kanuni inasema penseli si rasmi." Akamgeuzia karatasi iliyobandikwa kwenye kioo. Mchoraji alikuta ni mwandiko wake, umetolewa nakala.

Jioni ile alikwenda bondeni, akaeleza yote, pamoja na kile kichupa. Mdogo wake alisikiliza bila kuacha kukunja nguo.

"Nyumba yangu ulijua ipo?"

"Nakula hapa kila Jumapili."

"Na hukuitia wino."

"Nilikuja kula, mdogo wangu. Sikuja kupima."

Shemeji akakohoa kidogo. "Kwa hiyo miaka tisa mimi nalala hewani. Ndiyo maana mgongo unaniuma."

Hakuna aliyecheka, hata yeye. Mdogo mtu akalikunja shati lile lile mara ya pili.

"Sasa futa ujinga wako," akasema. "Utafanyaje?"

Asubuhi mchoraji alirudi dirishani, akauliza swali ambalo karani hakuwa ameulizwa na mtu: kazi ya vigingi inasimamishwa na nini? Karani akapekua jalada. Wakazi hamsini wa mji, wa mtaa wowote, wakifika wenyewe na vitambulisho na kutia sahihi pingamizi kabla ya Ijumaa saa tisa alasiri, kazi inasimama na mpimaji analazimika kwenda kwa miguu. Mchoraji akatia sahihi ya kwanza. Mdogo wake ya pili, shemeji ya tatu, huku akimwomba karani kiti kwa sababu ya mgongo.

Leo ni Ijumaa. Saa nane imepita. Zimefika sahihi arobaini na tatu, na mchoraji amesimama kando ya dirisha, anawahesabu wanaopita barabarani wakitazama simu zao. Wewe ni mkazi wa mji huu na kitambulisho unacho. Wanahitajika saba. Nyanyuka, nenda dirisha namba nne, tia sahihi, na uliye karibu naye mshike mkono mwende wote. Sasa hivi, kabla karani hajashusha pazia.