Kioo Kwenye Ufa

Mkaguzi wa majengo ya kale alikuwa na ugonjwa mmoja: jambo lisipomwingia akilini, hapati usingizi. Siku hiyo lisilomwingia lilikuwa kipande cha kioo, kidogo tu, kilichogandishwa kwa saruji juu ya ufa, kwenye ukuta wa baharini wa ngome ya miaka mia sita. Kazi ya kioo hicho ni moja: ukuta ukisogea hata unywele, kinavunjika. Kiliwekwa miaka mitatu iliyopita. Sasa mbona kinang'aa utadhani kimetoka dukani jana?

Nyuma yake mlinzi wa magofu alikuwa anafagia mahali palipokwisha kufagiwa.

"Mzee wangu, kioo hiki umekibadilisha?"

"Mimi? Nakifuta vumbi tu, mwanangu."

"Na saruji nayo umeifuta mpaka ikawa mpya?"

Mzee akaegemeza ufagio. Kuficha kulishamchosha. "Kimevunjika mara nne. Mkijua ukuta unasogea mtaubomoa, si ndiyo sheria yenu? Miaka thelathini nimeulea huu. Nikae nitazame tu?"

Mkaguzi alikuwa na hasira, tena si kidogo, ila udadisi ulimzidi nguvu. "Kimevunjika lini na lini?"

"Kila ikinyesha mvua kubwa. Asubuhi nakikuta vipande viwili."

Kumbe ni maji. Akatambaa chini ya ukuta, magoti yote matope, akipapasa mawe. Waashi wa zamani hawakuwa wajinga. Lazima waliacha matundu ya kutolea maji. Akalipata la kwanza. Limezibwa kwa saruji, vizuri kabisa, kwa mkono wa mtu mwenye bidii. La pili vilevile. Yote kumi na moja.

"Nani kaziba hapa?"

"Wageni walikuwa wanasokomeza chupa na takataka," mzee akasema, kwa fahari kidogo. "Nikayaziba, pawe nadhifu." Kisha akamtazama mkaguzi usoni, na fahari ikamtoka. "Ni mimi?"

"Ndiyo, mzee wangu. Udongo wa nyuma umeshiba maji, hayana pa kutokea, yanausukuma ukuta."

"Utaanguka?"

"Tukiyazibua leo, labda utasimama."

Mzee akaenda kuleta nyundo na patasi, akakataa katakata kusaidiwa. Tundu la kwanza lilimchukua nusu saa. Maji meusi yakamrukia kifuani, yakaendelea kutoka, naye akabaki amepiga magoti palepale, kiganja juu ya jiwe, akiuomba ukuta radhi.